CPA pekee haimvushi mhasibu mpaka

Mhasibu mwenye CPA, aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) yenye makao makuu Dodoma, hawezi kuanza kazi Nairobi kwa cheti hicho pekee.

Mwaka 2011 vyombo vya uhasibu vya Afrika Mashariki vilikubaliana kutambuana sifa za kitaaluma. Hata hivyo, kibali cha kazi hutolewa na serikali ya nchi mwenyeji.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inamtaka mwenye mkataba unaozidi siku 90 kuomba kibali ndani ya siku 15 za kazi. Mamlaka hupewa siku 30 kukitoa.

Anayeacha ajira Dodoma kabla ya kukipata huenda akakosa huku na huko.