Plagi ikipata moto, ifungue

Ukichomoa pasi na plagi ikakuunguza vidole, usijiambie kuwa ndivyo pasi zilivyo. Kinachotakiwa kuchemka ni pasi. Plagi ikichemka, mara nyingi skrubu inayoshika waya ndani yake imelegea.

Pasi ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Umeme wote huo ukipita kwenye nyuzi mbili tatu za shaba zinazogusa skrubu kwa shida, hapo panakuwa jiko. Shaba inababuka, joto linazidi, plastiki inaanza kuyeyuka. Na fyuzi haikati, maana umeme unaopita haujazidi kiwango chake. Kwa hiyo mzazi, usiisubiri fyuzi.

Chomoa plagi kabisa, kuzima swichi hakutoshi, kisha ifungue kwa bisibisi. Waya wa kahawia ni wa moto, unakwenda kwenye fyuzi. Wa bluu ni nyutro. Wa kijani na njano ni ethi, unakwenda kwenye pini ndefu. Ukikuta rangi nyingine, mwachie fundi.

Kata sehemu iliyoungua hadi ufike kwenye shaba inayong'aa. Menya ganda kiasi cha kuingia kwenye tundu tu, bila kukata nyuzi. Zisokote pamoja, tundu likiwa kubwa, zikunje mara mbili. Skrubu ibane shaba, isibane ganda, na usibaki hata uzi mmoja umechomoza nje. Ukishakaza, vuta waya kwa mkono. Ukicheza, rudia.

Wapo wanaopaka nyuzi risasi ya kuchomelea redio ili zishikamane. Kwenye skrubu haifai: risasi ni laini, hubonyea polepole, na skrubu hulegea tena.

Ethi iache ndefu kidogo kuliko wenzake, ili waya ukivutwa iwe ya mwisho kuchomoka. Kibanio cha mlangoni kikamate ganda la nje, kwa sababu watoto (na baba zao) huchomoa kwa kuvuta waya.

Plagi iliyobabuka tupa, nunua nyingine. Soketi ya ukutani yenye weusi usiiguse: acha kuitumia, ita fundi umeme mwenye leseni, na kama umepanga mwambie mwenye nyumba leo. Mwambie na dada wa kazi, yeye ndiye anayeichomeka kila asubuhi.