Madaftari ya Wenzetu na Daftari la Nyumbani



Sikukuu ya Taifa ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2024 ilituletea siku nne za mapumziko, kuanzia Jumamosi ya tarehe 30 Novemba hadi Jumanne ya tarehe 3 Desemba. Wengi hudhani kwamba mwalimu naye hupumzika. Sisi tulirejea nyumbani, hapa Oud Metha, tukiwa tumebeba madaftari ya darasa zima.

Jumamosi na Jumapili zilikwisha kwa kalamu nyekundu. Jumatatu alasiri tuliwapeleka watoto kucheza mpira, si mbali na uwanja wa Al Nasr, klabu iliyoasisiwa mwaka 1945. Hata huko tulikuwa tukisahihisha. Bao la mwanetu tulisimuliwa tu.

Usiku binti yetu alileta daftari lake. Wiki mbili nyuma alimwandikia bibi yake wa Unguja barua, nasi tukaahidi kuipitia.

"Baba, ya wanafunzi unasahihisha kila siku. Langu lini?"

Tulikosa jibu. Ndani aliandika "nataka kuona wewe" badala ya "nataka kukuona". Kosa hilo si la uvivu. Ni la mtoto aliyekosa wa kuzungumza naye.

Jumanne tuliyaweka kando madaftari ya shule, tukakaa naye mkekani hadi adhana ya adhuhuri. Aliiandika barua upya kwa mkono wake. Yaliyosalia tuliyamaliza baada ya Isha.

Kazi ni amana, na watoto ni amana.

Wabillahi tawfiq.