Nafasi ya Mwanafunzi Mwenye Ulemavu katika Sherehe na Michezo ya Shule

Maisha ya shule hayaishii darasani. Mahafali, safari za mafunzo, siku ya michezo, kwaya na ngonjera za siku ya wazazi ni mahali ambapo mtoto hupata marafiki, hujifunza kusubiri zamu yake na hujitambua kuwa ni mmoja wa wenzake. Kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, nafasi hizo mara nyingi hufungwa bila mtu yeyote kumkataza waziwazi. Basi la safari lina ngazi ndefu, jukwaa halina njia ya mteremko, au mwalimu anamwonea huruma na kumpa kazi ya kulinda mabegi ya wenzake. Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hili linaihusu sekta ya afya, na nini mhudumu wa afya, mzazi na mwalimu wanaweza kufanya.

Ushiriki ni sehemu ya afya

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mfumo wa kuainisha utendaji, ulemavu na afya. Katika mfumo huo, ulemavu hautazamwi kama kasoro ya kiungo peke yake, bali kama matokeo ya kukutana kwa hali ya afya ya mtu na mazingira anamoishi. Kushiriki katika maisha ya jamii kumewekwa humo kama kipimo mojawapo cha hali ya mtu. Kwa hiyo, mtoto aliyefanyiwa upasuaji akaweza kusimama, lakini akabaki bwenini wakati wenzake wanacheza, matibabu yake hayajafikia lengo. Kutengwa huweza kuzaa huzuni, utoro na, kwa baadhi ya vijana, kuacha dawa ili wasionekane tofauti na wengine.

Ni suala la haki pia. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inazitaka nchi kuhakikisha kuwa watoto wenye ulemavu wanapata fursa sawa na watoto wengine katika michezo na burudani, ikiwemo ile ya shuleni. Mwaka 2010 nchi ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu.

Barua ya daktari inapogeuka kizuizi

Kizuizi kimoja huanzia hospitalini. Mhudumu wa afya huandika maneno mawili, "Asishiriki michezo", bila sababu wala muda. Karatasi hiyo huhifadhiwa katika jalada la mwanafunzi, na agizo lililokusudiwa kwa wiki chache za kupona huendelea kutumika kwa miaka. Mwalimu hana utaalamu wa tiba. Akiogopa lawama, humweka mtoto kando ya kila shughuli.

Barua iliyo bora hueleza mambo manne: yale ambayo mwanafunzi anaweza kufanya, yale anayopaswa kuepuka na sababu yake, msaada anaohitaji, na tarehe ya kuipitia upya. Kwa mwanafunzi mwenye kifafa, kwa mfano, inaweza kusomeka hivi: "Aruhusiwe kucheza, kuimba na kusafiri na wenzake. Asiogelee bila mtu mzima wa kumwangalia kwa karibu, kwa kuwa anaweza kupoteza fahamu majini. Anywe dawa kwa wakati hata akiwa safarini. Barua hii ipitiwe baada ya miezi sita." Iandikwe kwa ridhaa ya mzazi, na isitoe siri za mgonjwa kuliko shule inavyohitaji.

Tahadhari kwa hali mbalimbali

Kifafa: Hatari kubwa katika safari na sherehe ni kukosa usingizi na kusahau dawa. Degedege likitokea, mtoto alazwe ubavu, kichwa chake kikingwe, na asiwekewe kitu chochote mdomoni. Likizidi dakika 5, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Mgongo wazi: Watoto wengi wenye hali hii hutoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa tatu hadi nne. Mahafali yanayoanza saa tatu asubuhi na kumalizika saa tisa alasiri yanahitaji mapumziko na choo safi chenye faragha. Mkojo ukikaa muda mrefu huleta maambukizi na huweza kudhuru figo. Aidha, baadhi yao hupata mzio mkali wa mpira asilia, hivyo maputo ya mapambo yaepukwe.

Ualbino: Mashindano yapangwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Kofia pana, mikono mirefu, kivuli na mafuta ya kukinga jua yanayopakwa tena kila baada ya saa mbili ni vya lazima. Kwa kuwa wengi wana uoni hafifu, wakae mbele.

Utindio wa ubongo: Mtoto mwenye shida ya kumeza apewe chakula laini akiwa ameketi wima, bila kuharakishwa. Nyama ngumu na karanga huweza kumpalia.

Uziwi: Mkalimani wa lugha ya alama asimame mahali penye mwanga, karibu na msemaji. Katika mbio, bendera ishushwe pamoja na filimbi.

Usonji na ulemavu wa akili: Mtoto aelezwe mapema, hata kwa picha, siku itakavyokwenda. Kuwe na chumba tulivu mbali na vipaza sauti, naye aweze kwenda huko na kurudi bila kukaripiwa.

Maandalizi yanayofaa

Hatua ya kwanza ni kumuuliza mwanafunzi mwenyewe angependa kushiriki vipi. Swali hili husahaulika kwa sababu watu wazima hudhani wanajua jibu. Mtumiaji wa kiti mwendo anaweza kutaka kuwa mshereheshaji, mwamuzi wa mchezo au mcheza ngoma. Kumpangia kazi kabla ya kumsikiliza ni kumtenga kwa njia nyingine. Baada ya hapo, mwalimu na mzazi wakague mahali pa shughuli angalau wiki mbili kabla: usafiri, mlango, choo, kivuli na chakula. Marekebisho mengi ni madogo, kama ubao imara wa kupandia jukwaani.

Ni muhimu pia kutofautisha ushiriki na maonyesho. Mtoto anayepandishwa jukwaani ili wageni wamhurumie na kuchangia fedha hajashirikishwa; ametumiwa. Mtoto anayekosea mistari ya ngonjera na kuchekwa pamoja na wenzake waliokosea amepewa nafasi yake.

Hitimisho

Kila ziara ya kliniki ni fursa. Pamoja na kuuliza juu ya dawa na maumivu, mhudumu wa afya amuulize mtoto: "Shuleni kuna shughuli gani muhula huu, nawe utafanya nini?" Mtoto akijibu kwamba yeye hubaki nyuma, hilo nalo liandikwe katika jalada kama tatizo linalohitaji kutatuliwa, na mazungumzo na shule yaanze kabla hajarudi nyumbani.