Seva ya "bure" Nshambya inagharimu kiasi gani?

Mwenye lodge ya vyumba kumi katika kata ya Nshambya, Manispaa ya Bukoba, akitaka tovuti inayoonyesha vyumba vilivyo wazi na kupokea maombi ya wageni, kila fundi atamwambia kuwa programu zake ni za bure. Na ni kweli. Linux, programu endeshi aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, haina leseni ya kununua. Apache, inayopokea ombi la msomaji na kumrudishia ukurasa, ipo tangu 1995 na haidai senti. PHP, inayoutunga ukurasa upya kila unapofunguliwa, nayo ni huria, sawa na MariaDB inayotunza majina, tarehe na bei. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti iliyotoka 2003, imejengwa juu ya hizo zote, na inaendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti za dunia. Hata Ushahidi, mfumo wa ramani za matukio uliozaliwa Kenya mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, ulijengwa kwa PHP na kuachwa wazi kwa yeyote kuutumia.

Kwa hiyo bei ya programu haina haja ya kukuumiza kichwa. Pesa itakwenda kwenye umeme, mahali pa kuiweka seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, jina la tovuti, na mtu wa kuiangalia.

Wengi hufikiri njia nafuu ni kuchukua kompyuta ya mezani iliyochakaa, kuipakia Linux na kuiacha ikiwaka nyumbani. Tupige hesabu. Kompyuta inayokula wati 80 saa 24 kwa siku 30 hutumia karibu uniti 58. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO, takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na tozo zake, hizo ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Seva ndogo ya kukodi nje ya nchi, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1, hupatikana kwa dola 5 au 6, yaani kama shilingi 13,000 hadi 16,000. Ile kompyuta "ya bure" imeshakuwa ghali zaidi, na hatujagusa bando wala betri ya akiba. Hapa Kagera tumekula umeme wa kutoka Uganda, kupitia Masaka, kwa miaka mingi, na kila mtu anajua maana ya kukatika kwake. Pia kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, hivyo mgeni aliye Mwanza hawezi kuifikia kompyuta iliyo sebuleni kwako mpaka ulipie anwani ya kudumu au utafute njia ya kuzunguka.

Lakini kuna mteja mmoja ambaye seva ya nyumbani inamfaa kuliko zote, naye ni shule. Wasomaji wake wako ndani ya uzio. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, hula takriban wati 5, yaani uniti nne hivi kwa mwezi, ambazo hazifiki shilingi 1,500. Ikiunganishwa na ruta ya kawaida, wanafunzi wa darasa zima wanafungua kurasa zake bila kutumia hata megabaiti moja ya bando. Kolibri, programu huria ya masomo, imetengenezwa kwa mazingira ya namna hii hasa. Moodle, iliyoanza 2002 na ambayo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huitumia kufundishia, nayo inawezekana, ingawa kwa wanafunzi wengi wanaojibu mtihani kwa wakati mmoja ningechukua kompyuta yenye nguvu zaidi na kuiwasha saa za masomo tu. Shule inayolipia seva ya Ulaya ili mwanafunzi wa Bukoba asome notsi za mwalimu wa Bukoba inatupa pesa, na bado somo litasimama bando likiisha.

Lodge, duka, au chama cha msingi kinachotafuta mnunuzi wa kahawa aliye mbali, wao wakodi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni nafasi ya pamoja, yaani seva moja wanayoigawana wateja wengi, kwa kampuni ya hapa nchini: unalipa kwa simu, unapewa paneli yenye vitufe, na WordPress inasimama kwa dakika chache. Elewa tu kwamba paneli iliyoenea zaidi, cPanel, si ya bure. Mwaka 2019 ilianza kutoza leseni kwa idadi ya akaunti, na gharama hiyo imo ndani ya bei unayotajiwa. Uliza pia kama bei hiyo ina VAT.

Njia ya pili ni ile seva ya dola 5 au 6. Hulipwa kwa kadi ya benki au kadi pepe ya kampuni ya simu, na inakuja tupu. HestiaCP au Virtualmin zitakupa paneli bila malipo, Let's Encrypt itakupa cheti cha usalama bila malipo, na Nginx inatumia kumbukumbu kidogo kuliko Apache, jambo linaloonekana kwenye seva ndogo. Ila masasisho, ulinzi na nakala za akiba ni juu yako. Kama fundi atakudai shilingi 30,000 kila mwezi kwa kazi hiyo, unafuu wote umeondoka. Tena kumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika na Tanzania kuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Tovuti inayowahudumia wateja wa ndani ina sababu nzuri ya kukaa kwenye seva ya ndani.

Ushauri wangu kwa lodge ni nafasi ya pamoja ya hapa nchini, yenye WordPress na viongezi (programu ndogo za kuiongezea uwezo) vichache sana. Kiongezi kilichoachwa bila kusasishwa ni mlango wazi kwa wezi wa mtandaoni. Drupal, programu nyingine ya aina ya WordPress, ina nguvu, lakini kumpata fundi wake Bukoba ni kazi. Na kama kurasa zako ni tano, hazibadiliki, na wageni wanapiga simu tu, huhitaji PHP wala hifadhidata. Tengeneza kurasa za kawaida kwa Hugo, programu huria ya kazi hiyo, uziweke kwenye huduma ya GitHub Pages bila kulipa, ubaki na ada ya jina peke yake. Kumbuka na jambo jingine: fomu inayokusanya majina na namba za wageni inakuingiza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na inayodai usajili katika Tume yake.

Kabla hujamlipa fundi yeyote, hakikisha jina la .co.tz limeandikishwa kwako, si kwake. Dai nywila ya paneli, na nakala ya tovuti nzima, faili pamoja na hifadhidata, kwenye flashi yako mwenyewe kila mwezi. Fundi atakayekataa, mwache na utafute mwingine.