Sola za Arusha: Wateja walikuwapo, mtaji ulikwenda wapi?

WIKI hii ukurasa huu unaweka kando bei za mahindi na maharage ya Kilombero. Wasomaji kadhaa wametuuliza kama ni busara kuingiza fedha katika kampuni changa za teknolojia, zile zinazouza vifaa kwa mtindo wa "lipa kidogo kidogo" kupitia simu. Mfano wa kujibia hauko mbali. Uko hapa hapa mjini.

Ukishika barabara ya Namanga, ukapita Ngaramtoni hadi Oldonyo Sambu, utaona paneli za sola juu ya mabati. Nyingi za aina hiyo ziliingia vijijini kwa mkono wa kampuni mbili zilizoifanya Arusha kituo chao. Ya kwanza ni Off Grid Electric, iliyoanzishwa na vijana watatu waliokutana katika chuo cha biashara cha Oxford, Uingereza, na kuanza kazi hapa miaka ya 2011 na 2012 kwa jina la M-Power. Ya pili ni Mobisol ya Berlin, Ujerumani, ambayo makao yake ya Tanzania yalikuwa Arusha pia.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na lingali zuri. Mwanakijiji anatumia fedha kila siku kwa mafuta ya taa na kuchaji simu kwa jirani. Mpe paneli, betri na taa, naye alipe fedha ile ile kwa M-Pesa. Akiacha kulipa, kifaa kinajifunga chenyewe hadi alipe tena. Mobisol iliwapa wateja miaka mitatu ya kulipa, na mifumo yake mikubwa iliweza kuwasha hata televisheni.

Wenye mitaji wa nje walivutiwa. Off Grid Electric ilipata dola milioni 16 mwaka 2014, milioni 25 mwaka 2015, na milioni 55 mwanzoni mwa 2018. Februari 2015 ilitangaza pamoja na Serikali mpango wa kuwasha nyumba milioni 1 ifikapo mwisho wa 2017. Lengo hilo halikufikiwa. Mwaka 2018 kampuni ikabadili jina kuwa Zola Electric na makao yake makuu yakawa Amsterdam, Uholanzi. Mobisol nayo iliomba kinga ya mufilisi huko Berlin Aprili 2019, ilhali ilikuwa imekwisha kufunga mifumo zaidi ya 150,000 Afrika Mashariki.

Msomaji atauliza: kampuni yenye wateja 150,000 inaishiwaje fedha?

Tuchukulie hesabu ya dukani, tarakimu zikiwa za mfano tu. Umenunua vifaa 100 kwa Sh 300,000 kimoja. Fedha iliyotoka ni Sh milioni 30. Unauza kila kimoja kwa Sh 12,000 kwa mwezi, miezi 36. Wote wakilipa, unaingiza Sh milioni 1.2 kwa mwezi na jumla utapata Sh milioni 43.2. Hata hivyo mtaji wako unarudi mwezi wa 25. Marejesho yakiwa robo tatu tu, mwezi unaingiza Sh 900,000, na mtaji unarudi mwezi wa 34. Hapo hujamlipa fundi, wakala, pikipiki ya kufuatilia madeni, wala riba ya benki. Na betri ikifa mwaka wa pili, mteja hataki kusikia habari ya marejesho.

Sasa ongeza kasi. Mwezi ujao unauza vifaa 200, unaofuata 400. Magazeti yanakusifu kwa kukua, lakini kila kifaa kinachotoka ghalani ni mkopo mpya uliotoa. Yeyote aliyewahi kutoa mali kauli pale Soko Kuu anaujua ugonjwa huu: unauza sana na droo haina kitu. Kampuni ya namna hii kwa sura ni duka la taa, kwa hesabu ni benki ndogo, na inapaswa kupimwa kama benki.

Kuna na suala la dola. Vifaa hununuliwa kwa dola na mitaji mikubwa hukopwa kwa dola, ila mwanakijiji analipa shilingi. Mwanzoni mwa 2015 dola moja ilikuwa chini ya Sh 1,750. Mwisho wa mwaka ule ilikuwa imepita Sh 2,100. Deni la dola milioni 1 lilinenepa kwa Sh milioni 350 hivi bila mtu kukopa hata senti zaidi. Wakati huo huo nguzo za REA zilikuwa zinapanda vijijini, na ada ya kuunganishiwa ikateremshwa hadi Sh 27,000. Si rahisi kumdai mtu marejesho ya sola akiwa na waya wa TANESCO mlangoni.

Mobisol ilinunuliwa na Engie ya Ufaransa mwaka huo huo wa 2019, nayo Engie ikauza biashara hiyo kwa Ignite Power mwaka 2025. Kwa mteja, mwenye deni lake amebadilika mara mbili. Kwa wakala, swali ni kamisheni yake anamdai nani.

Kwa hiyo, ukiitwa kuwa wakala au mwekezaji, usianze na idadi ya wateja. Dai kuonyeshwa marejesho ya wateja waliouziwa miaka miwili iliyopita, siyo wa mwezi jana, kwa sababu wapya hulipa vizuri daima. Uliza deni la kampuni ni la fedha gani. Anayekuuzia hisa kwa ujumbe wa simu, mwulize kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Akianza kuzunguka, agana naye. Na wakala adai kamisheni yake ilipwe kila mwezi kwa maandishi. Copia ya Kenya, iliyouza bidhaa vijijini kupitia mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024, na anayedai bila karatasi katika hali hiyo hupanga foleni ya mwisho.