Mawese, ndimu na utomvu wa ndizi: Kila doa la kaunta lina dawa yake

Kyela. Majiko mengi ya Kyela, kuanzia mjini hadi Ipinda na Matema, yana vitu vitatu vinavyoacha alama kwenye kaunta: mawese, ndimu ya samaki na utomvu wa ndizi. Wengi hukimbilia stilwaya na jiki kwa vyote. Kumbe kila kimoja kinaharibu kwa njia yake.

Mawese

Wekundu wake unatokana na karotini, rangi ileile ya karoti. Huyeyuka kwenye mafuta, siyo kwenye maji, ndiyo maana ukifuta kwa maji matupu unalisambaza tu doa. Tumia maji ya moto na sabuni ya vyombo mapema. Saruji ya niru, na graniti isiyopakwa dawa ya kuziba vinyweleo, hunywa mafuta. Yakishazama, paka uji mzito wa poda ya watoto na maji, uache ukauke usiku kucha, kisha ukwangue. Rudia likibaki.

Ndimu

Marumaru ya jiwe halisi na terazo vina kalsiamu kaboneti, ambayo huliwa na asidi ya ndimu au siki. Ule ukungu unaobaki siyo doa, ni jiwe lililolika. Sabuni haisaidii hapo, ni kumwita fundi ang'arishe upya. Vigae vya kauri haviliki, ila saruji ya kwenye maungio yake inalika.

Utomvu wa ndizi

Ukipigwa na hewa hugeuka mweusi. Ufute ukiwa mbichi kwa mafuta ya kupikia, kisha osha kwa sabuni.

Kung'aa siyo kuwa salama

Kyela imewahi kukumbwa na kipindupindu, na mikwaruzo ya stilwaya ni maficho ya vijidudu. Ukimaliza kutengeneza samaki, osha kaunta kwa sabuni kwanza, maana uchafu hupunguza nguvu ya klorini. Ndipo upake jiki iliyochanganywa na maji kwa kipimo cha kwenye chupa, kisha suuza. Usichanganye jiki na siki wala ndimu: hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu.

Unataka kununua jiwe?

Lidondoshee maji, subiri dakika 10, kisha futa. Pakibaki peusi, jiwe hilo linanyonya, na mawese yatazama vilevile.