Kompyuta ya mezani au laptopu: ipi inafaa nyumba yenye watoto?

Jumatano moja, foleni ya kliniki ikiwa imeshapungua, mama mmoja alibaki kwenye benchi. Mwanawe wa miezi tisa alikuwa ameshapimwa uzito na kuchomwa chanjo ya surua na rubela. Nilidhani ana wasiwasi na homa inayoweza kufuata chanjo, kumbe swali lake lilikuwa lingine kabisa.

"Nesi, tumevunja kikoba, nimepata laki nne na nusu. Kijana wangu mkubwa yuko kidato cha pili, anahitaji kompyuta ya kujifunzia. Na mimi nataka niandike hesabu za wateja wangu wa cherehani. Fundi ananiambia ninunue ya mezani, shemeji ananiambia laptopu. Wewe unasemaje?"

Mimi si fundi wa kompyuta, ni muuguzi wa jamii. Lakini katika ziara za majumbani nimeshaona shingo zinazouma, macho yanayowasha na watoto waliovuta waya. Kwa hiyo nilimuuliza maswali matatu: nani ataitumia zaidi, itakaa wapi, na nani hapo nyumbani anatambaa? Akacheka, akamwangalia mtoto aliyekuwa mapajani mwake. Haya ndiyo tuliyozungumza, pamoja na mengine ambayo siku ile sikupata muda wa kuyasema.

Jina lenyewe ni tahadhari

Laptopu huitwa pia kompyuta mpakato, kwa maana unaweza kuipakata kama unavyompakata mtoto. Ni jina zuri, ila ukilifuata kila siku utaumia. Kioo na kibodi ya laptopu vimeungana. Ukiiweka chini ili mikono iandike vizuri, kioo nacho kinakuwa chini na shingo inainama. Ukiinyanyua ili kioo kifike usawa wa macho, mikono inabaki juu na mabega yanapanda. Huwezi kupata vyote viwili kwa pamoja. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano, na kadiri unavyokiinamisha mbele ndivyo misuli ya shingo inavyozidi kubeba mzigo.

Hili nalijua kwa mwili wangu. Nilipokuwa nasomea diploma niliandika karibu ripoti zote nikiwa kitandani, nimeegemea ukuta, laptopu juu ya magoti. Muhula wa mwisho nilikuwa naamka na ganzi kwenye vidole na maumivu kutoka shingoni hadi begani. Nilimeza dawa za maumivu wiki kadhaa kabla ya kufikiria kwamba tatizo ni kitanda. Nilipoanza kukaa mezani na kuchomeka kibodi nyingine, maumivu yalipungua taratibu.

Kompyuta ya mezani haina shida hiyo, kwa sababu kioo ni kitu kimoja na kibodi ni kitu kingine. Unaweka kioo umbali wa mkono ulionyooka, ukingo wake wa juu ukiwa usawa wa macho au chini kidogo, na kibodi inakaa usawa wa viwiko. Mgongo uegemee kiti na miguu ikanyage chini. Mtoto ambaye miguu yake haifiki sakafuni mwekee kigoda au hata boksi gumu. Kwa mtoto wa shule atakayekaa saa nyingi, kwa upande wa mwili, ya mezani inashinda.

Lakini laptopu inaweza kugeuzwa kuwa ya mezani. Iinue juu ya vitabu vinene au kitu kingine imara, kisha uchomeke kibodi na kipanya vya pembeni. Usizibe tu matundu yake ya hewa.

Joto la mapajani

Laptopu hupata joto upande wa chini, hasa ikitumika muda mrefu au ikiwa ya zamani. Ngozi inayopata joto hilo siku baada ya siku, hata kama haliunguzi, inaweza kutoka madoa ya kahawia yaliyojipanga kama wavu. Bibi zetu wanaoota moto karibu na jiko huyapata kwenye miguu. Mwaka 2010 madaktari wa Uswisi waliandika habari za mvulana wa miaka 12 aliyepata madoa hayo pajani kwa sababu ya kucheza michezo ya kompyuta akiwa ameipakata kila siku. Mara nyingi madoa hupungua chanzo kikiondolewa, ila huchukua muda.

Akina baba nao wasikilize. Watafiti wa New York mwaka 2005 waliwapima wanaume waliopakata laptopu kwa saa moja, na joto la korodani lilipanda kwa zaidi ya nyuzi mbili. Korodani huhitaji ubaridi kidogo ili kutengeneza mbegu vizuri. Simaanishi kwamba laptopu inafanya mtu awe mgumba, nasema meza ipo.

Mama wajawazito huniuliza kuhusu mionzi. Vioo vya kisasa vilivyo bapa, iwe vya laptopu au vya mezani, havitoi mionzi ya kumdhuru mtoto tumboni. Kinachokusumbua wewe mjamzito ni kukaa muda mrefu bila kusogea. Miguu inavimba na kiuno kinauma. Simama kila baada ya nusu saa, tembea hata hadi jikoni na kurudi.

Na macho?

Tukiangalia kioo tunapepesa macho mara chache kuliko kawaida. Jicho linakauka, linawasha, linakuwa jekundu, na jioni kichwa kinauma. Kanuni rahisi ni hii: kila dakika 20, angalia kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Mita sita ni kama kuangalia mti ulio nje ya dirisha. Hapa ukubwa wa kioo unasaidia. Maandishi yakiwa makubwa mtoto hasogezi uso karibu, na vioo vya mezani kwa kawaida ni vikubwa kuliko vya laptopu. Mwenye laptopu aongeze ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio.

Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu inauzwa sana siku hizi. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2023 na mtandao wa Cochrane haukuona kwamba inapunguza uchovu wa macho unaotokana na kompyuta, angalau kwa muda mfupi uliopimwa. Pesa hiyo nunua kibodi. Kama mtoto anakunja macho kuona ubaoni, au anasogeza daftari karibu na pua, mpeleke akapimwe macho. Na mwache acheze nje mchana, kwani mwanga wa nje unasaidia kuchelewesha tatizo la kutoona mbali.

Kwa walio chini ya miaka mitano, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ya hapo ni bora zaidi. Yule wa miezi tisa, kwa hiyo, kompyuta haimhusu. Tatizo ni kwamba yeye hajui kama haimhusu.

Anayetambaa anaona nyaya tu

Kompyuta ya mezani ina nyaya nyingi: wa kioo, wa sipiyu, wa kibodi, na ekstensheni inayokusanya zote chini, pale pale mtoto anapopita. Akiuvuta waya, kioo kinaweza kumwangukia kichwani. Vile vioo vya zamani vya chogo ni vizito mno. Hata ukipewa bure, kama una mtoto mdogo kikatae. Sukuma meza hadi ukutani, funga nyaya pamoja nyuma ya mguu wa meza, na ekstensheni iwe juu, isiwe sakafuni. Usiichomeke pamoja na pasi au jiko la umeme.

Laptopu ina waya mmoja, lakini huo hutandazwa katikati ya chumba na watu hujikwaa, mara nyingi wakiwa wamebeba chai. Hatari yake nyingine ni betri. Usiichaji juu ya godoro, wala usiiache inachaji ndani ya chandarua usiku. Godoro huziba hewa, betri huchemka, na godoro na chandarua hushika moto haraka. Ukiona sehemu ya chini imetuna au kibodi imeinuka, betri imevimba. Izime, chomoa chaja, usiitoboe wala usiibonyeze, ipeleke kwa fundi.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho wazazi wengi hawakijui. Ndani ya kompyuta nyingi, za aina zote mbili, kuna kibetri bapa kinachofanana na sarafu, kinachotunza saa. Fundi akija kukibadilisha nyumbani, kile cha zamani huachwa mezani au hudondoka chini. Mtoto akikimeza kikakwama kooni, kinaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili, hata kama kompyuta ilikuwa haikihitaji tena. Dalili zinaweza kuwa mate mengi, kukohoa au kukataa kula, na wakati mwingine hakuna dalili. Ukihisi amekimeza, usimtapishe, usisubiri kitoke chooni. Mkimbize hospitali yenye kipimo cha eksirei muda huo huo na useme wazi kwamba ni betri. Hapa sina utani hata kidogo.

Umeme na LUKU

Tuchukue mfano. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake ikitumia wati 150 kwa saa nne kila siku, kwa mwezi ni uniti 18. Laptopu ya wati 45 kwa muda huo huo ni uniti tano na nusu hivi. Kwa nyumba inayojitahidi isizidi uniti 75 kwa mwezi, uniti 18 ni karibu robo. Mama yule alipopiga hesabu hiyo alinyamaza kidogo.

Umeme ukikatika, ya mezani inazima papo hapo na kazi isiyohifadhiwa inapotea. Utahitaji UPS, ambayo inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Lakini betri ya UPS huwa na madini ya risasi, yanayoharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Ikifa usiifungue, wala usiiache uani watoto wakachezea. Laptopu ina betri yake yenyewe, ila kama ni ya mtumba, usiamini neno la muuzaji. Chomoa chaja dukani, iwashe, ufungue video na usubiri nusu saa. Muuzaji anayekataa nusu saa amekwisha kukujibu.

Kwa upande wa matengenezo, ya mezani ni rafiki wa mfuko. Kibodi ikifa unanunua kibodi tu. Kioo kikivunjika unatafuta kingine cha mtumba. Kwenye laptopu, kioo kikipasuka gharama yake inaweza kukaribia bei uliyonunulia.

Itakaa wapi?

Mimi kwa maoni yangu hili ndilo swali kubwa kuliko yote, hasa kwa mtoto wa sekondari. Kompyuta ya mezani ikiwekwa sebuleni inabaki sebuleni, na kila anayepita anaona kioo. Laptopu inaingia chumbani, inafungiwa mlango, na saa saba za usiku bado ina mwanga. Usingizi unapotea, na huko mtandaoni kuna watu wazima wanaojifanya watoto. Sisemi umvizie kijana. Mwambie mapema, kabla kompyuta haijaingia ndani: inatumika hapa mezani, na saa tatu usiku inazimwa. Akitishiwa au kuombwa picha na mtu mtandaoni, aje akwambie bila kuogopa kichapo. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Kwa hiyo nilimjibuje? Kwa nyumba ambayo umeme wake haukatiki ovyo, yenye meza ya kudumu na mtumiaji mkuu akiwa mwanafunzi, ningechagua ya mezani. Yeye amepanga chumba na sebule, mwenye nyumba ameshampa notisi mara moja, umeme unakatika, na mtoto anatambaa. Nilimwambia achukue laptopu ya mtumba, lakini asimalize pesa yote kwenye laptopu. Abakize ya kibodi na kipanya, na aitumie kama ya mezani.

Mwezi uliofuata alipomleta mtoto kupimwa uzito, niliuliza habari za kompyuta. Alisema inakaa juu ya ndoo ndogo ya rangi iliyopinduliwa, kwenye meza ya cherehani, na chaja inaning'inia msumarini mtoto asipofika. Kijana alikuwa ameshajaribu mara mbili kuihamishia chumbani. "Na mara zote mbili," akasema huku akimvua mtoto nguo za kupimia, "alisahau kibodi."